Anna Parnell: Dada Aliyebaki Ofisini

Ukurasa wetu wa maisha ya waliotutangulia wiki hii unatupeleka Ayalandi, kisiwa kilicho magharibi mwa Uingereza, miaka zaidi ya 140 iliyopita. Tunamwangalia mwanamke aliyeitwa Anna Parnell. Ukitaja jina la Parnell kule Dublin, wengi watadhani unamsema kaka yake, Charles Stewart Parnell, mwanasiasa mkubwa wa wakati wake. Kaka mtu ana sanamu ndefu katikati ya jiji. Mwaka 1996 sura yake ilichapishwa kwenye noti ya pauni 100. Lakini ilifika siku kaka akawa jela, chama chake kikapigwa marufuku, na kazi yote ikaangukia mabega ya dada mtu. Hebu tuone aliibeba vipi, na alilipwa nini.

BINTI WA MWENYE MASHAMBA

Anna alizaliwa tarehe 13 Mei 1852 katika nyumba kubwa ya Avondale, kaunti ya Wicklow. Baba yake, John Henry Parnell, alikuwa mwenye mashamba. Mama yake, Delia, alikuwa Mmarekani, binti wa afisa mkubwa wa jeshi la wanamaji. Nyumba ilijaa watoto, na Anna alikuwa mmoja wa wale wa mwisho. Charles alimtangulia kwa miaka sita, na dada yake Fanny, aliyekuja kuwa mshairi, kwa karibu miaka minne.

Nchi aliyozaliwa ilikuwa bado na kidonda. Miaka michache tu kabla yake, kuanzia 1845, ugonjwa wa viazi ulileta njaa kubwa. Watu wapatao milioni moja walikufa, na wengine kama milioni moja wakapanda meli kukimbia. Ayalandi ilitawaliwa kutoka London. Ardhi nzuri ilikuwa mikononi mwa watu wachache, na mkulima wa kawaida alikuwa mpangaji tu. Akishindwa na kodi ya shamba, alifurushwa na watoto wake, hata kama nyumba aliijenga kwa mikono yake mwenyewe.

Baba yake Anna alifariki mwaka 1859, Anna akiwa na miaka saba. Mashamba yakaenda kwa wavulana. Wasichana wakaachiwa posho ndogo ya mwaka, ya kutolewa kwenye mali ya kaka zao. Sisi tunaosoma kitabu cha Hesabu tunawakumbuka binti za Selofehadi waliosimama mbele ya Musa kudai fungu la baba yao, na wakapewa. Binti za Parnell hawakuwa na Musa wa kuwasikiliza. Kwa hiyo Anna alikuwa mtoto wa tajiri asiye na ardhi, na riziki yake ilitegemea mfuko wa kaka.

Akasomea uchoraji, Dublin na London. Alipokuwa London alizoea kwenda Bungeni kumsikiliza kaka yake. Siku hizo wanawake hawakuruhusiwa kukaa na wageni wengine. Waliwekwa juu kabisa, nyuma ya wavu wa chuma, waone lakini wasionekane. Anna aliketi pale, akasikiliza, na mwaka 1880 akaandika makala kuhusu jinsi Bunge lile linavyofanya kazi. Huyu hakuwa mtu wa kupiga makofi tu. Alikuwa anachunguza.

UMOJA WA ARDHI

Mwaka 1879 mvua ilizidi, viazi vikaoza, na bei ya mazao ikashuka. Kodi haikushuka. Watu wakaanza kufurushwa tena, na kumbukumbu ya njaa ile kuu ikarudi. Mwezi Oktoba mwaka huo ukaundwa Umoja wa Ardhi kule Dublin. Charles Parnell akawa mwenyekiti. Aliyekuwa roho ya mambo hayo ni Michael Davitt, mtu ambaye familia yake ilifurushwa akiwa mtoto mdogo, na ambaye akiwa na miaka 11 alipoteza mkono kwenye mashine ya kiwanda cha pamba huko Uingereza.

Anna na Fanny walikuwa Marekani wakati huo, wakifanya kazi ya kukusanya michango. Waayalandi waliohamia kule walichanga kweli kweli. Mwaka 1880 Fanny akaanzisha umoja wa wanawake mjini New York.

Davitt akaliona jambo ambalo wenzake hawakutaka kuliona. Serikali ilikuwa inaandaa sheria ya kuwakamata viongozi na kuwaweka ndani bila kesi. Sasa, viongozi wote wakikamatwa, nani atafungua ofisi Jumatatu asubuhi? Akapendekeza wanawake waunde umoja wao, wawe tayari. Viongozi wengine, Charles akiwa mmoja wao, walipinga. Waliogopa kuchekwa. Davitt akasisitiza. Tarehe 31 Januari 1881 Umoja wa Ardhi wa Wanawake ukaundwa Dublin, Anna akiuongoza. Siku tatu baadaye Davitt mwenyewe akakamatwa.

Maneno hayakukosekana. Mwezi Machi Askofu Mkuu McCabe wa Dublin alitoa waraka wa kuwakemea, kwamba wanawake hawa wameacha staha ya nyumbani na kujianika hadharani. Askofu Mkuu mwingine, Croke wa Cashel, akawatetea waziwazi. Mnaona, wapendwa, hata viongozi wa dini hawakuwa na neno moja. Wanawake wakaendelea na kazi.

KITABU CHA OFISINI

Wengi hatupendi kusimuliwa habari za ofisi. Tunapenda mikutano, jukwaa, umati. Sisi tuliosomea biashara tunajua kwamba shirika haliishi kwa hotuba. Linaishi kwa kumbukumbu zilizoandikwa na hesabu zilizofungwa.

Ofisi yao ilikuwa Sackville Street, mtaa mkuu wa Dublin ambao leo unaitwa O'Connell Street. Kutoka kila upande wa nchi matawi yalituma taarifa. Mwenye shamba huyu ni nani? Wakala wake ni mtu wa namna gani? Wapangaji ni wangapi? Kodi ni kiasi gani, na thamani halisi ya shamba ni ipi? Nani amepewa notisi, nani ameshafurushwa? Yote yakaingizwa kwenye kitabu kikubwa. Wenyewe wakakibandika jina la utani la Kitabu cha Kells, ile Injili ya kale yenye mapambo ambayo Waayalandi wanaienzi kama hazina ya taifa. Ilikuwa mzaha, lakini ndani yake mlikuwa na ukweli: maskini wa vijijini walikuwa wameandikwa mahali, jina kwa jina.

Na hawakukaa mezani tu. Ilipotangazwa siku ya kufurusha, mwanamke wa umoja alitumwa na treni na gari la farasi mpaka kijijini. Alisimama pale askari wakitoa vyombo nje, akaandika alichokiona, akagawa msaada, akapanga familia ilale wapi usiku ule. Kisha zikaletwa mbao za kujenga vibanda karibu na shamba walilofukuzwa. Wengi wao walikuwa wasichana ambao hawakuwahi kusafiri peke yao. Anna aliwafundisha kufanya mambo wenyewe bila kusubiri mwanamume aje kuwaongoza.

OKTOBA 1881

Tarehe 13 Oktoba 1881 Charles Parnell alikamatwa na kupelekwa jela ya Kilmainham. Kutoka jela yeye na wenzake wakatoa tangazo kwamba wakulima wasilipe kodi kabisa. Baada ya siku mbili tatu serikali ikapiga marufuku Umoja wa Ardhi. Wanaume waliokuwa hawajakamatwa wakakimbilia nje ya nchi. Ofisi ikabaki na wanawake.

Hebu fikiria mzigo wenyewe. Mamia ya wafungwa wanataka chakula kutoka nje, na familia zao zinataka matumizi. Watu waliofurushwa wanaongezeka kila wiki. Gazeti la umoja limepoteza wafanyakazi wake kwa kukamatwa, na polisi wanalisaka kila linapochapishwa. Wanawake wakabeba yote. Gazeti likaendelea kutoka na kusambazwa kwa siri. Pesa zikaendelea kutumwa vijijini.

Mwezi Desemba polisi wakapewa amri ya kuvunja na mikutano ya wanawake pia. Jibu la Anna lilikuwa kupanga matawi yakutane siku moja, tarehe 1 Januari 1882, nchi nzima. Wakakutana. Wengine wakafungwa. Na hapa kuna jambo la kusikitisha. Wanaume walifungwa kama wafungwa wa kisiasa, wakawa na nafasi ya kukutana na kuletewa chakula. Wanawake walishtakiwa kwa sheria ya kale, ya karne ya 14, iliyotumika kwa watu wenye sifa mbaya na kwa makahaba. Wakakaa ndani kama wahalifu wa kawaida. Zaidi ya kumi walipitia hayo kwa kosa la kumsaidia mama aliyetupwa nje na watoto.

Mwaka huo huo Lord Spencer, mwakilishi wa Malkia, alikuwa anapita barabarani Dublin na farasi wake. Anna akatoka kando ya barabara, akashika hatamu, farasi akasimama. Akamuuliza mkubwa yule kwa nini serikali inazuia vibanda vya watu waliofurushwa. Hakuwa na silaha wala cheo. Alikuwa na swali, na takwimu zake zilikuwa ofisini.

ALICHOKIONA KWENYE HESABU

Anayeshika vitabu huona mambo ambayo aliye jukwaani haoni. Kwenye mikutano watu waliambiwa wasikubali kodi ya uonevu. Lakini Anna alipofungua hesabu aliona hadithi nyingine. Mkulima alikataa kulipa mpaka siku ya mnada. Siku hiyo mali ilikombolewa, kodi ikalipwa yote, pamoja na gharama za mahakama na mawakili. Kisha umoja ukatakiwa kurudisha zile gharama. Yaani mwenye shamba alipata kodi yake kamili, wakili akapata chake, na michango ya wajakazi na vibarua wa Marekani ikaishia huko. Hata baada ya lile tangazo la kutolipa kabisa, wakulima wenye uwezo walilipa kimya kimya.

Anna akafikia uamuzi kwamba maneno ya jukwaani na mambo yenyewe havilingani. Kwake hilo halikuwa kosa dogo la mipango. Lilikuwa udanganyifu, na waliouumia zaidi ni maskini waliosadiki wakakataa kulipa kweli, wakalala nje.

DENI LA PAUNI 5,000

Mwezi Mei 1882 Charles alitoka jela baada ya makubaliano na serikali ya London. Wapangaji maskini wangesaidiwa madeni yao ya kodi, na yeye angetuliza nchi. Tuwe wa haki kwake: aliamini amepata kitu cha maana, na ni kweli wengi walifaidika na msamaha wa madeni yale. Lakini akina mama waliobeba kazi hawakuulizwa. Na sasa walikuwa kikwazo, kwa sababu walikuwa bado wanafanya kile walichotumwa kufanya.

Akaunti yao ya benki ilikuwa na deni la pauni 5,000, pesa zilizotumika kuwasaidia wafungwa na waliofurushwa. Mfuko mkubwa ulikuwa mikononi mwa wanaume. Charles na wenzake wakaweka sharti: deni litalipwa wanawake wakivunja umoja wao. Anna na wenzake walikuwa wamechoka na walikuwa tayari kuacha. Kilichowauma ni namna. Mwezi Agosti 1882 Umoja wa Wanawake ukafungwa.

Katikati ya mvutano huo, tarehe 20 Julai, Fanny alifariki ghafla Marekani akiwa na miaka 33. Anna akaanguka, akaugua sana. Alipopona aliondoka Ayalandi. Hakuzungumza tena na kaka yake. Charles alifariki Oktoba 1891 akiwa na miaka 45, hawajapatana.

JINA LINGINE

Anna aliishi miaka mingi kusini magharibi mwa Uingereza, maskini, akichora, akitumia jina la Cerisa Palmer. Majirani hawakujua wanaishi na nani. Mwaka 1904 Davitt alichapisha kitabu chake kikubwa kuhusu mapambano ya ardhi. Anna alikisoma, akaona historia ya wanawake imeelezwa visivyo. Hakulumbana. Alikaa chini, na kufikia 1907 alikuwa amemaliza kitabu chake, The Tale of a Great Sham, yaani habari ya udanganyifu mkubwa. Ndani yake hajisifu, na karibu hajitaji. Hamshambulii kaka yake. Anaeleza kazi ilifanywaje, pesa zilikwenda wapi, na ahadi zilivunjikaje. Hakupata wa kukichapisha.

Tarehe 20 Septemba 1911, akiwa na miaka 59, Anna aliingia kuogelea baharini mjini Ilfracombe. Bahari ilikuwa chafu, mawimbi yakamshinda, akafa maji. Alizikwa huko huko, watu wachache wakihudhuria. Siku 11 baadaye, tarehe 1 Oktoba 1911, umati mkubwa ulikusanyika Dublin kuzindua sanamu ya kaka yake. Sanamu ile ilisimamishwa kwenye mtaa ule ule uliokuwa na ofisi ya wanawake.

Mswada wake ulisahaulika miaka mingi. Ulichapishwa mwaka 1986, miaka 75 baada ya kifo chake, wakati wanahistoria wanawake wa Ayalandi walipoanza kufungua makabati na kuuliza mama na bibi zao walikuwa wapi siku zile. Mwaka 2021 jiji la Dublin likaweka kibao cha ukumbusho katika mtaa huo, cha Anna na wenzake.

TUJIFUNZE NINI?

Najua swali ambalo wengine mnalo. Kwa nini hakumsamehe kaka yake? Ni swali la haki. Miaka tisa ya kimya kati ya ndugu ni hasara, na kaburi lilipofunga mlango haikubaki nafasi tena. Usimuige Anna katika hilo.

Lakini tusikimbilie kumhubiria aliyeumizwa kabla ya kuangalia upande wa pili wa daftari. Zakayo aliposimama mbele ya Yesu hakusema tu kwamba amebadilika. Alirudisha alichochukua. Na kilichochukuliwa kwa Anna hakikuwa pesa. Zile 5,000 zililipwa. Kilichochukuliwa ni kazi yenyewe: aliambiwa afunge, aondoke, na historia ikaandikwa kana kwamba miezi ile ofisi ilijiendesha. Deni la namna hiyo halilipwi kwa kumwambia mtu asahau. Linalipwa kwa kusema ukweli, kwa sauti, yeye akiwepo na kusikia. Dublin ilisema miaka mia na zaidi baadaye. Ni vizuri, lakini Anna hakusikia.

Tuangalie kwetu. Kila mwaka tunasoma ripoti ya kanisa. Jengo limekamilika, kamati inashukuriwa, wachungaji tunapigiwa makofi. Nani aliweka daftari la michango ile, shilingi kwa shilingi, miaka yote? Nani alipika siku za fundi? Nani aliwatembelea wagonjwa na kuandika nyumba ipi haina unga? Mara nyingi ni dada mmoja au wawili, na kwenye ripoti wanaitwa akina mama, kwa jumla, mstari mmoja. Wakati mwingine ni mabaya zaidi: mradi ukishasimama wenyewe, tunaweka kamati mpya, na yule aliyeuanza anaambiwa apumzike.

Kwa hiyo nawaomba mambo matatu, si makubwa. Katibu wa kila idara, ripoti inayokuja iwe na majina kamili ya waliofanya kazi na walichofanya. Mweka hazina, kama kuna dada aliyetoa mfukoni kwa ajili ya huduma na hajarudishiwa, alipwe kabla ya mwezi kuisha, bila sharti lolote. Na sisi sote, kila mmoja nyumbani kwake, tumuulize mama au nyanya angali hai: ulifanya kazi gani ambayo hakuna aliyeiandika? Chukua kalamu, uandike.

Mungu awabariki.